Walikopotelea Wateja wa Fidélie

Walioibwa ni wateja. Samaki walikuwepo wote.

Walikuwa wamelala kwenye barafu ndani ya chumba cha baridi cha ushirika, hapo ufukweni mwa ziwa, Nchelenge, macho wazi, wakimsubiri mnunuzi asiyekuja. Mwenye mali, Fidélie, alikuwa amekaa mlangoni juu ya kreti tupu akimweleza Inspekta Matildah Ngosa jinsi alivyoporwa. Nusu ya soko ilikuwa imesimama nyuma yake ikimsaidia kueleza.

Mambo yalikuwa hivi. Ushirika una tovuti. Kila muuzaji ana namba yake na ukurasa wake. Mwenye mgahawa kule Mansa anafungua ukurasa wa Fidélie kwenye simu, anaagiza, na samaki wanapanda minibasi. Tangu Jumamosi Fidélie hakuwa amepata oda hata moja. Na sheria ya ushirika inajulikana: anayemaliza wiki bila oda anampisha mwingine kwenye chumba cha baridi. Wiki ilikuwa inaisha leo, mlango ukifungwa jioni. Bila barafu, Fidélie angerudi kisiwani Chisenga kukausha samaki kwa moshi, kazi aliyoikimbia na macho mekundu.

"Unamshuku nani?" Inspekta aliuliza.

"Simone, muuzaji mwenzangu. Oda zangu zote ziko kwake."

"Umejuaje?"

"Shefu, jana alipakia minibasi mpaka konda akakosa pa kukaa."

Soko likaunga mkono. Mmoja alidai Simone kapata dawa ng'ambo ya ziwa. Emilienne, muuza dagaa, alikataa katakata. Alisema si dawa, ni maombi, kwa sababu Jumapili Simone alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwa wateja, akaimba beti zote, hata zile ambazo watu huziruka.

Inspekta Ngosa ni Mbemba. Kiswahili chake alikiokota hapo hapo ufukweni, kwa watu wa ng'ambo ya ziwa, akiwa msichana, na alikitumia bila kumwomba mtu ruhusa. Alichukua simu ya Emilienne, akaandika anwani ya tovuti, na mwisho wake akaweka muuzaji/14, namba ya Fidélie.

Ukafunguka ukurasa wa Simone, na picha yake akicheka, kambale mikononi.

Akajaribu namba ya Emilienne. Simone tena. Emilienne akashika kichwa. Siku zote hizo alikuwa akilaumu mtandao.

Inspekta akafikiri kidogo, kisha akaandika muuzaji/mbuzi.

Simone akacheka na kambale wake.

Watu waliangua kicheko mpaka Fidélie naye akajisahau. "Twende kwa fundi," alisema Inspekta. Soko likamfuata.

Fundi ni Zéphyrin, aliyeitengeneza tovuti hiyo. Ana kibanda cha kukarabati na kuchaji simu kwenye barabara ya ofisi za halmashauri. Alipoona umati na sare ya polisi, aliweka bisibisi mezani na kuinua mikono kabla ya kuambiwa.

"Shusha. Programu inajuaje ifungue ukurasa wa nani?"

Zéphyrin alieleza. Kuna orodha ya ruwaza, yaani mistari inayosema kwamba anwani yenye sura fulani iende kwenye ukurasa fulani. Programu inaisoma kutoka juu kwenda chini. Ruwaza ya kwanza inayolingana na anwani ndiyo inayomchukua mgeni. Zilizo chini yake hazisomwi tena.

"Kama mabeseni," alisema Inspekta.

"Kama mabeseni, shefu."

Kila mwanamke pale alielewa. Mtumbwi ukifika, mabeseni hupangwa mstari kwa jinsi wenyewe walivyofika, na mvuvi hujaza kuanzia la mbele. Samaki wanaodondoka mchangani ni wa mwenye beseni la mwisho. Hilo halina ubishi.

"Na mbuzi je? Nimeandika mbuzi, nikapelekwa kwa Simone."

Zéphyrin akatabasamu. Hiyo ilikuwa sawa, alisema. Ushirika wenyewe ulikubaliana: mteja akikosea anwani aende kwa Simone, maana ndiye wa mwisho ufukweni kila siku. Kwa ajili ya hao waliodondoka aliandika ruwaza moja: muuzaji/ kisha nukta na nyota. Nukta inakubali herufi yoyote, nyota inaziruhusu ziwe nyingi kiasi chochote.

"Ile inakamata kila kitu, shefu. Njo maana iko chini ya zote."

"Nioneshe."

Alifungua orodha. Ruwaza ilikuwa juu kabisa. Tabasamu likamwisha, akaanza kuapa kwa jina la mama yake.

"Nakuamini," alisema Inspekta. "Anayeijua kazi hii angeiba wateja wa Fidélie peke yake, wenye oda nene. Huyu kachukua mpaka mbuzi. Hakujua alichokigusa. Kompyuta hii unaifunga?"

"Batu banachaji simu hapa. Inabaki wazi tu."

Inspekta akageukia umati. "Basi niambieni. Nani amechoka kuwa wa mwisho?"

Vichwa viligeuka. Simone alikuwa ndiyo kwanza amefika kibandani, ameshika beseni, akiuliza watu wanatazama nini.

"Mama Simone, uliigusa kompyuta hii?"

Simone alitazama kioo cha kompyuta, kisha Fidélie. Akaweka beseni chini.

"Niliigusa. Jumamosi, Zéphyrin alienda kununua mikate. Niliona jina yangu iko chini ya bote. Nikaikamata na kile kipanya, nikaivuta juu. Inavutika tu."

"Ulitaka wateja wa Fidélie?"

"Hapana, shefu. Nilizani ni kama ufukweni. Wa mbele anajaza beseni yake, anatoka, mwingine anasogea."

"Hii haijai, mama," Zéphyrin alisema kwa upole. "Inameza tu."

"Na oda zilipomiminika hivyo, hukujiuliza?"

"Nilijiuliza sana. Njo nikaenda kushukuru kanisani."

"Lakini ulifanya juu ya nini, Simone?" Safari hii aliyeuliza ni Fidélie.

Simone akasimulia. Anaishi Mantapala, kwenye kambi ya wakimbizi. Anaondoka kungali giza, amebebwa nyuma ya baiskeli, na kila akifika anakuta mabeseni yamekwisha kupangwa. Tangu aanze biashara hajawahi kuona mvuvi akianza na lake.

"Nilitaka kaloko tu, kidogo hivi," alisema. "Nione kule mbele iko namna gani."

Zéphyrin aliishusha ruwaza mahali pake bila kuambiwa. Fidélie akampigia simu mwenye mgahawa wa Mansa ajaribu tena, wengine nao wakawapigia wateja wao, na oda yake ikaingia mlango wa chumba cha baridi ukiwa bado wazi. Alivuta pumzi iliyosikika mpaka barabarani.

"Unafungua kesi?" Inspekta alimwuliza.

Fidélie alimgeukia mwenzake. "Ungeniambia tu, Simone. Ningekuachia nafasi mbele yangu."

"Ungekubali?"

Fidélie aliwaza, akapepesa macho.

"Hapana."

Kibanda kikalipuka kwa kicheko, na Simone akacheka kuliko wote.

"Lakini sasa nitakubali," Fidélie akaongeza, akiokota beseni la Simone na kulipangusa mchanga. "Ba Inspekta banasikia. Nitakatala namna gani?"