Mngoje Amalize

Siku ya soko Kamembe mtu hasikii hata anachokiwaza. Nasiba alikuwa amesimama juu ya kigoda akishusha kitenge cha rafu ya juu, na mteja chini anashikilia bei yake ya mchezo.

"Maman, hiki kitenge ni cha..." alianza.

"...cha kweli, hakichujuki hata ukikifua kila siku," sauti ya mwanamume ikamalizia nyuma ya mteja.

Nasiba alishikilia rafu asianguke. Mwanaume aliyekuwa na tabia ya kumchukulia maneno mdomoni ni mmoja tu duniani, na Nasiba alimwacha Bukavu zamani, wote wawili wakiwa bado kwenye sare za shule.

"Ridhwani?"

"Njo miye! Ile myaka yote ulifichama wapi?"

Alikuwa amenenepa kidogo. Shati jeupe, pasi imekolea, vidole vina vumbi la alumini, maana sasa ni fundi wa milango na madirisha, na karakana yake iko hapo hapo mjini. Nasiba alikuwa na gauni la kijani na ushungi wa manjano, na wanja, kwa sababu mfanyabiashara wa Kamembe haendi sokoni bila wanja. Alishuka kigodani polepole. Mteja alikichukua kitenge kwa bei aliyoitaka, na hakuna aliyegundua.

Tangu siku hiyo simu haikupoa.

"Umekula?"

"Nimekula ugali na samaki wa sambaza."

"Bila miye? Roho yako ngumu, sheri wangu."

"Wewe ulinenepa tayari. Naionea huruma milango yako, siku moja utakwama ndani!"

Akicheka, Nasiba aliisikia Bukavu yote: mteremko wa kwenda shule, mikate ya moto, mvua ya mchana kwenye mabati. Siku zile alikuwa mzito wa kusema, na Ridhwani ndiye aliyemmalizia maneno, kwa muuza mikate, kwa mwalimu, hata kwa baba yake. Aliyapenda yale. Aliamini mapenzi ndiyo hayo, kupata mtu anayejua utasema nini kabla hujasema.

Kisha vikaja vita. Mchana mmoja watu wenye bunduki waliingia nyumbani kwao wakamkuta Nasiba peke yake. Baada ya hapo familia ilivuka mto wa mpakani ikahamia Kamembe, upande wa Rwanda, na salamu za Ridhwani hazikujibiwa tena. Yeye alidhani Nasiba ameolewa. Nasiba alidhani hakuna mwanaume atakayemtaka, kwa hiyo akajiondoa mwenyewe mapema.

Kifua kilimbana miaka yote hiyo. Mlango ukibamizwa, anatafuta pa kujificha. Shangazi alisema ni jini. Wengine walisema ni neva za mwanamke asiye na mume, nao walisema hivyo wakiwa wamekaa kwenye viti vyake na kunywa chai yake. Mahali alipopata kupumua ni Mururu tu, kwenye shamba la Védastine, muuguzi mstaafu aliyewakusanya wanawake waliopatwa na kama yake kupalilia maharage. Walipalilia bega kwa bega, macho chini. Anayetaka kusema anasema, asiyetaka analima. Hakuna kumuuliza mtu, na hakuna kummalizia neno. Joselyne, mmoja wao, aliwahi kuanza sentensi mwanzoni mwa tuta akaimaliza mwishoni, na wote walimngoja.

"Hauko mwendawazimu," Védastine alimwambia. "Ni mwili njo unakumbuka. Bale banasemaka usahau, banatakaka unyamaze ili bao balale muzuri."

Alasiri moja yeye na Ridhwani walikaa Cyangugu kando ya ziwa, Bukavu ikionekana ng'ambo kama iko nyumba ya pili. Hapo Nasiba alimweleza Ridhwani yote. Ilichukua muda mrefu. Ridhwani alilia, kisha akataka kutengeneza jambo lile kama anavyotengeneza mlango uliopinda, akampeleka kwa daktari.

"Ana shida gani?" daktari aliuliza, akimtazama Ridhwani.

Nasiba alifungua mdomo. "Ni tangu..."

"...tangu vita, dokta," Ridhwani akasema. Akaeleza kila kitu, nyumba, wale watu, mpaka mwisho, kwa ile sauti yake nzuri ya kupanga maneno, mlango ukiwa wazi na wagonjwa wamejaa kwenye benchi nje. Daktari aliandika vidonge, akamwambia Ridhwani, "Muoe haraka, azae. Itapita."

Nasiba alichukua mkoba wake akatoka.

Jioni simu iliita mpaka akaipokea.

"Nilitaka kukusaidia, sheri."

"Ulinivua nguo mbele ya bantu, Ridhwani! Kile kitu nilikuambia ni..."

"...ni chako, najua, pardon..."

"Unaona? Hata sasa!" Akakata.

Alimkasirikia, na alimkumbuka vilevile, jambo ambalo lilimkasirisha zaidi. Ridhwani alipanda Mururu kuomba ushauri. Védastine alimsimamisha mwanzo wa shamba, akamwambia wanaume hawaingii, kisha akamwambia ajifunze kungoja. Siku nyingi baadaye alikuja dukani, akasimama nyuma ya wateja, na safari hii hakumalizia neno la mtu.

"Nilikukosea," alisema walipobaki wawili. "Byenye nilikuja kusema ni ibyo tu."

Nasiba alikunja vitenge vyote kabla hajamjibu. "Wazee wako baje kuposa kwa Mzee Kamali. Jibu nitalitoa pale."

Wakaja, wamevaa kanzu na kofia. Mzee Kamali, baba mdogo wa Nasiba, aliuliza kama ilivyo desturi, "Nasiba, mwanangu, unamukubali?"

Nasiba aliona viatu vingi vya wanaume mlangoni. Kifua kikabana, maneno yakakataa.

Mzee Kamali akatabasamu. "Binti akinyamaza, amekubali. Tusome fatiha."

Mikono ikainuliwa. Nasiba alimtazama Ridhwani. Kitu ambacho Ridhwani alikitafuta tangu ujana kilikuwa tayari mkononi mwake, alitakiwa tu akae kimya.

Ridhwani akashusha mikono. "Pardon, Mzee. Hajajibu bado."

"Sisi tunajuaka..."

"Tumungoje."

"Na akikataa?"

"Basi atakuwa amekataa."

Walingoja. Shangazi alikohoa. Chai ikaanza kupoa. Nasiba aliona taya la Ridhwani linacheza, neno limemjaa mdomoni, naye analimeza. Kifua kikaachia kidogo.

"Namukubali," alisema. Akanyamaza tena, kwa muda mrefu kuliko mwanzo, na hakuna aliyethubutu kugusa kikombe. "Lakini Mururu nitaendelea kwenda. Na byenye bilinipata ni byangu. Nikitaka bisemwe, nitabisema miye."

Mzee Kamali alimtazama Ridhwani, Ridhwani akamtazama Nasiba. Basi mzee akageuka, akamuuliza Nasiba mwenyewe kama amemaliza.

"Nimemaliza," Nasiba alisema, na ndipo wakasoma fatiha.