Muhula Ambao Gurtaj Alirudi Nyumbani

Kila asubuhi Ikjot aliwasha pampu ya maji, kisha akapanda ngazi hadi juu ya paa kutazama kama tangi limejaa. Tangi lao lilikuwa na umbo la ndege ya abiria, lenye mabawa na mkia, na maji yalipozidi yalichuruzika mkiani. Baba yake, mzee Balkar Singh, alilijengesha mwaka ule mwanawe Gurtaj alipokwenda kusoma Kanada. Kijijini kwetu mtu akiwa na mtoto ng'ambo hana haja ya kutangaza. Paa lake linatosha.

Jumapili moja Ikjot alikuwa bado juu ya paa simu ya baba ilipolia uani. Alishuka mbio, maana alijua ni kaka yake. Lakini sauti ya Gurtaj siku hiyo ilikuwa imekauka.

"Baba, wamekataa."

"Wamekataa nini?"

"Kibali cha kufanya kazi. Wanasema anayemaliza chuo hupewa kama alisoma mihula yote bila kukatiza. Mimi muhula mmoja sikusoma, na chuo hakikuwa kimeniruhusu."

"Si uwaambie ulikuja kumuuguza mama yako!"

"Nimewaambia, baba. Wanasema ruhusa ilitakiwa iombwe wakati ule, pamoja na cheti cha daktari. Muda wangu wa kukaa huku unakwisha. Inabidi nirudi."

Baba aliketi juu ya kitanda cha kamba. Cheti hicho alikikumbuka vizuri. Wakati mama alipokuwa mgonjwa, Gurtaj aliomba atumiwe, na baba akakataa katakata.

Mama alikuwa na saratani, lakini yeye aliambiwa ni vidonda vya tumbo. Ndivyo tulivyo watu wa kwetu. Neno hilo hatulitamki mbele ya mgonjwa, kwa kuogopa kwamba akilisikia atakata tamaa na kufa kabla ya siku zake. Na chuo kile kimejaa watoto wa vijiji vyetu. Baba alihofu kwamba cheti kikifika huko, habari zitarudi hadi hapa kijijini, dukani kwa Makhan, na kutoka hapo hadi kitandani kwa mama. "Wewe panda ndege uje," alimwambia Gurtaj. "Mambo ya chuo utayaweka sawa ukirudi." Gurtaj alikuja, akamlisha mama uji wa ngano kwa mkono wake mwenyewe mpaka alipofariki.

Baba alimgeukia Ikjot. "Ukiulizwa, sema kibali kiko njiani. Umenisikia?"

"Ndiyo, baba."

Kesho yake, hata kengele haijalia, rafiki yake Simrat alimpokea kwenye lango la shule kwa kelele.

"We Ikjot! Ladu za kibali tunakula lini? Au kaka yako ameamua kuzila peke yake huko kwenye barafu?"

Wenzao wakacheka. Wote walisubiri hizo ladu, zile tufe za unga wa dengu na sukari zinazogawiwa mtaa mzima nyumba ikipata heri.

"Kiko njiani," Ikjot alijibu. Alijilazimisha kucheka na yeye.

Mchana, walipokuwa wakisuuza sahani bombani, Simrat alimsogelea sikioni. "Dada Prabhleen anarudi wiki ijayo kutoka Kanada. Tunawaambia watu anakuja harusini. Lakini ukweli anakuja kwa ajili ya babu. Ana ule ugonjwa. Usimwambie mtu, tafadhali!"

"Chuo kimempa ruhusa?"

"Chuo na babu yetu wapi na wapi? Anakatisha muhula, halafu atarudi."

Sahani ilimponyoka Ikjot. Alitaka kusema, akakumbuka amri ya baba, akainama kuiokota.

Alipofika nyumbani alimkuta baba akikata majani ya nyati wao wa maziwa kwa mashine. Alisimama pembeni.

"Baba, dada yake Simrat anafanya kama alivyofanya kaka. Anakuja bila ruhusa. Naomba nimwambie Simrat."

"Nilikukataza nini mimi?" Baba alifoka. "Unataka kijiji kizima kitucheke?"

"Basi wacheke!" Ikjot alilia. "Kaka hakuiba. Alikuja kumwona mama. Kwa nini tunamficha utadhani ni mwizi?"

Baba aliisimamisha mashine. Alimtazama binti yake akilia. Kisha akanawa mikono, akafunga kilemba chake upya na kusema, "Twende."

Uani kwa kina Simrat walikaribishwa chai. Baba hakuigusa.

"Ndugu yangu," alimwambia baba yake Simrat, "mke wangu alikufa kwa saratani."

Ikjot alikuwa hajawahi kumsikia akilitamka neno hilo. Baba alieleza yote, mpaka kibali kilichokataliwa, huku machozi yakimtiririkia ndevuni. "Mpigie mtoto simu sasa hivi. Aende chuoni aseme ukweli, aombe likizo na kuwapa cheti cha daktari. Asipande ndege kabla hajaipata ruhusa kwa maandishi."

Prabhleen alisikia. Chuo kilimpa likizo, akaja, babu yake akafa akiwa amemshika mkono. Muhula uliofuata alirudi darasani bila hofu.

Gurtaj naye alirejea, na begi lile lile aliloondoka nalo. Jioni ya kwanza walipanda wote watatu juu ya paa, wakaketi chini ya bawa la tangi.

"Nisamehe, mwanangu," baba alisema. "Nilitaka mama yako asijue."

Gurtaj aliinamisha kichwa. "Mama alijua, baba."

"Nani alimwambia?"

"Hakuna. Alijua tu. Aliniambia, 'Usimwambie baba yako kwamba najua. Anajikaza sana kunificha, ataumia.'"

Baba alijifunika uso kwa ncha ya kilemba, akalia kwa sauti. Ikjot alimkumbatia, na yeye akalia. Kumbe siku zile zote kila mmoja alikuwa peke yake na jambo lile lile.

Baba alipotulia, alimshika Ikjot bega. "Sikiliza, binti yangu. Mimi sikuficha kwa ubaya, nilificha kwa kupenda. Lakini uongo hauulizi ulisemwa kwa nia gani. Uongo wangu umemnyima kaka yako kazi aliyoisomea, na mimi umeninyima kuagana na mke wangu. Jambo likiwa zito, liseme mapema, kwa anayehusika, hata kama sauti inatetemeka."

Chini langoni mke wa Makhan, akitoka dukani, aliinua uso na kuuliza kwa sauti, "Ikjot! Kile kibali kimefika?"

Ikjot alimtazama baba. Baba alimwitikia kwa kichwa.

"Hakikufika, shangazi," Ikjot alijibu. "Kaka alikatiza masomo aje kumuuguza mama. Mama alikuwa na saratani."

Mwanamke yule alitua kapu lake chini, akafungua lango, akaingia kuwapa pole.