Bibi Aliyekanwa Bombani

Kila asubuhi Agutu aliteka maji bombani Igogo, mjini Mwanza, akawasha jiko la mkaa, akawachemshia wanawe chai. Lakini Oktoba ile ya mwaka 1995 aliteka haraka haraka, akitazama nyuma. Bendera za vyama zilijaa juu ya mabati. Magari ya kampeni yalipiga kelele mchana kutwa. Uchaguzi wa vyama vingi ulikuwa umekaribia, na Agutu hakuwa na raha hata chembe.

Hofu hiyo ilimwingia mwaka uliotangulia. Mto Kagera ulileta maiti za waliouawa kwa ukabila Rwanda mpaka ziwani, na watu wengi Mwanza wakaacha kula samaki. Agutu ni Mjaluo wa Shirati. Mumewe, Luhende, ni Msukuma wa Misungwi.

"Kule nako majirani walikuwa wanaombana chumvi," alijisemea. "Kikinuka hapa, mimi na wanangu tutawekwa upande gani?"

Basi akaacha kabisa kusema Kijaluo. Tena akamwonya binti yake, Rozina. "Ukiulizwa, sema sisi ni Wasukuma. Wajaluo hatuwajui."

"Na dana je?" Rozina aliuliza. Dana ni bibi yake, mzaa mama.

"Hatumjui! Unataka tuchinjwe?"

Luhende alimsihi sana mkewe atulie. Wapi! Agutu alikwisha funga nguo kwenye khanga, tayari kukimbia na watoto na kumwacha mumewe.

Jumamosi bibi akashuka kwenye basi la Musoma na kapu la dagaa. Alimkuta Rozina bombani, katikati ya watu.

"Mjukuu wangu!" akamfungulia mikono.

Rozina akarudi nyuma.

"Simjui bibi huyu," akasema. "Sisi ni Wasukuma."

Lo! Watu wote wakageuka. Ndoo ilifurika, hakuna aliyeiondoa. Agutu alikuwa hapo hapo, na alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jirani yao Suzana, nesi aliyewahi kutibu wakimbizi wa Rwanda kambini Ngara, aliwaongoza wote watatu nyumbani kwa Agutu. Akampa bibi kiti, kisha akamgeukia Agutu.

"Mama Rozina, kulikoni?"

"Naogopa, dada. Ya Rwanda yatatufika."

"Hata mimi naogopa. Niliyoyasikia Ngara yananikosesha usingizi. Lakini ukitaka kulinganisha nchi, linganisha vizuri. Kule kitambulisho kiliandikwa kabila la mtu. Redio iliwaita binadamu mende. Wakubwa wenyewe waliwachochea watu wauane. Wewe, kadi yako ya kupigia kura ina kabila?"

"Haina. Lakini hivi vyama vingi..."

"Zambia walipiga kura ya vyama vingi. Rais akashindwa, akatoka Ikulu, watu wakaenda shambani. Kenya nao walipiga kura, ila kuna sehemu watu walichomewa nyumba kwa ukabila. Vyama vingi huku, vyama vingi kule. Uliza viongozi walisema nini, na majirani walifanya nini."

"Kwa hiyo hapa hakuna hatari?"

"Ipo. Inaanza pale mtoto anapofundishwa kwamba kabila la mtu ni kosa. Hapa Igogo nimeiona mara moja tu. Leo, bombani."

Agutu akaangua kilio. Akapiga magoti mbele ya mama yake. "Nisamehe, mama."

"Mimi nimekusamehe," bibi alisema, naye analia. "Mrekebishe mtoto."

Jioni hiyo Agutu alifungua ile khanga, akarudisha nguo sandukuni.

Siku ya kura alipanga foleni na Rozina pembeni yake. Bibi alikaa kivulini ng'ambo ya barabara. Ghafla mwanamume mmoja wa mtaani, nyuma ya Agutu, akauliza kwa sauti kubwa:

"Mama, wewe kabila gani?"

Rozina akamtazama mdomoni, anasubiri. Agutu akamgeukia yule mtu.

"Mjaluo wa Shirati," akasema. "Na yule pale ndiye mama yangu."

"Ahaa! Ndiyo maana dagaa wenu wananukia mtaa mzima. Haya sogea, foleni inakwenda."

Watu wakacheka. Agutu hakuweza kucheka, hofu ilikuwa bado haijamtoka. Lakini Rozina aliuchomoa mkono wake mkononi mwa mama, akavuka barabara mbio, akiita mbele ya watu wote: "Dana! Dana!"