Bwana Harms Ukutani

Walikutana Bremen, Ujerumani, dukani, kwenye foleni ya mashine ya kurudishia chupa tupu, Jumamosi ile watu wote wanapokumbuka chupa zao. Mfuko wa Wiebke ulipasuka. Malte, shati la drafti na viatu vya matope, akazikimbiza chupa mpaka chini ya meza ya viazi.

"Dada, wewe unakunywa au unauza?"

"Nakunywa. Una shida?"

Kumbe wote walikodi vipande vya bustani kwenye chama kimoja, kila kipande na kibanda chake. Mapenzi yakawaka.

Halafu Malte akaacha kupokea simu. Wiebke alipokwenda bustanini alimkuta Silke, mwanachama mwenzao, akitoka kibandani kwa Malte, kandambili miguuni, ufunguo mkononi. Ufunguo! Yeye hakuwahi kupewa.

"Nitamkomesha," aliapa, na hakuwa akitania.

Nafasi ikajileta. Bi Oltmanns, mwenyekiti, mama anayepima ua wa michongoma wa majirani kwa rula, alimwomba aweke kwenye tovuti ya chama programu ya kuvuta habari kutoka tovuti nyingine. Wiebke akabandika anwani ya hali ya hewa, akabandika ya mbegu, kisha akabandika blogu ya siri ambayo Malte aliitumia kuwasimanga wanachama kwa jina la bandia. Malte mwenyewe alimwonyesha enzi za raha. Penye jina la mwandishi akajaza: Malte Harms. Penye idadi ya habari za kuvuta, kwa papara, hakujaza kitu.

Siku ya uchaguzi wa chama tovuti hiyo ikamulikwa ukutani. Malte, mgombea, kavaa koti lake la kuendea harusi. Katibu akasoma kwa sauti:

"'Ua wa Bi O. umenyooka kuliko ndoa yake.'"

"Bwana Harms!" Bi Oltmanns aliiva uso. "Ni wewe huyu?"

Wiebke alisikia utamu mpaka kwenye meno. Lakini programu isiyopewa idadi huvuta zote, na katibu akazidi kuteremka.

"'Utani wa ua kanipa Wiebke wangu. Na ule wa keki ya bibi huyo kuwa ngumu kama tofali ni wake pia. Nampenda mpaka naogopa.'"

Ukumbi mzima ukamgeukia Wiebke. Alitamani ardhi immeze.

"Mtakata ua wangu kiangazi chote," alisema Bi Oltmanns. "Wote wawili. Kwa rula!"

Huko kwenye ua, mikasi mikononi, ndiko walikofokeana.

"Umenimaliza, Wiebke!"

"Na Silke je?"

"Silke alimwagilia nyanya, mimi nikiwa kwa mama! Miezi yote tukiwa wawili unaniita Malte, halafu mbele ya watu unaniita Bwana Harms kama karani wa kodi. Nilijua umenitosa, ndiyo maana nikaacha kupokea simu."

"Nilikuwa naficha mapenzi yetu, zuzu wewe!"

Malte akaweka mkasi chini. Akatoa ufunguo mfukoni, umefungwa utepe mwekundu.

"Niliuchongesha kwa ajili yako kabla ya yote haya. Kibanda kinatutosha. Utakuja?"

Wiebke aliunyakua.

"Nitakuja, Bwana Harms."

"Niite hivyo tena, nakuandika kwenye blogu!"

"Andika, mpenzi. Pa kuibandika napajua."