Alama Kando ya Sahihi

Saa moja jioni, tarehe kumi na mbili Julai mwaka jana, umeme ulikatika Makumira. Rafiki yetu Fanuel, mchoraji, alikuwa ndiyo kwanza ametia sahihi kwenye picha ya marehemu mkewe, Aikande.

Picha hiyo ilimchukua miaka mitatu. Rangi ya mafuta huchelewa kukauka kwenye baridi ya Meru, lakini si baridi iliyomchelewesha. Kila alipokaribia kumaliza alikwangua shavu, akaanza upya.

"Baba, tia sahihi basi," binti yake Agnela alimwambia mchana ule. "Mama atachoka kukaa hapo."

Fanuel alicheka. Enzi za uhai wake, Aikande alikuwa akibonyeza kidole gumba kwenye kona ya kila picha mpya, kupima kama imekauka. Kidole hicho kilikuwa na kovu la mundu. "Unaniharibia kazi, Mama Agnela!" Fanuel alikuwa akifoka, halafu anafuta.

Sasa, gizani, alisikia kandambili zikiburuta sakafuni. Ziliishia mbele ya picha.

"Agnela?"

"Niko jikoni, Baba! Natafuta kiberiti." Sauti ilitoka ng'ambo ya ua.

Umeme uliporudi, chumbani hamkuwa na mtu mwingine.

Jumapili tulikwenda kuiona picha. Rangi ilikuwa bado mbichi. Kando ya sahihi palikuwa na alama ya kidole gumba, na katikati yake mstari wa kovu. Fanuel hakuifuta.