Kimya cha Awamu ya Saba

Moshi wa soseji ulikuwa umefunika nusu ya maegesho ya magari nje ya uwanja wa Milwaukee. Renata Kowalczyk, kavaa jezi ya timu juu ya gauni la buluu, alikuwa akimtazama Curtis kwa jicho la mtu aliyechoka kusubiri. Hapo hapo mwaka jana, kwenye tafrija ya jukwaa letu la mtandaoni la mashabiki wa besiboli, ndipo walipogongana wakigombea chupa moja ya haradali, na tangu siku hiyo wakapendana. Curtis huyu akiandika jukwaani ni chiriku. Mweke mbele ya mtu, anameza ulimi.

"Watu wa Portland watanipigia saa kumi," Renata alisema. "Wanataka jibu la ile kazi. Nikikubali, nahama."

"Najua."

"Basi niambie, mpenzi. Nibaki au niende?"

Curtis akageuza soseji ambayo haikuhitaji kugeuzwa, akasema wataongea ndani, mchezo ukishatulia. Mwanamume mwoga hakosi soseji ya kugeuza.

Mchezo haukutulia. Mrushaji wetu aliwabana wageni awamu ya kwanza, ya pili, hadi ya sita kati ya tisa, na hakuna hata mpigaji mmoja aliyeupiga mpira wake akafika popote. Mchezo wa kubana hivyo mpaka mwisho mtu anaweza kuusubiri akazeeka asiuone, na Curtis aliusubiri tangu utotoni. Nasi tuna mwiko wetu: bahati ile ikishaanza, haitajwi. Aliyekaa habanduki, aliyenyamaza hafungui mdomo. Curtis alikuwa amenyamaza.

Awamu ya saba Renata alimwinamia, akamuuliza tena. Curtis akatikisa kichwa, macho yake uwanjani.

"Hilo ndilo jibu?"

Bibi Lorraine, msimamizi wa jukwaa letu, akaweka kidole mdomoni kumkanya Renata.

"Mimi pia ni shabiki, Curtis. Mwiko naujua. Lakini siwezi kuishi na mtu atakayeogopa kusema kila bahati inapomjia." Akachukua mkoba wake, akapanda ngazi bila kugeuka.

Utadhani Curtis alimkimbilia. Wapi! Alikaa. Alikaa awamu nzima ya nane, jasho likimtoka, huku sote tukijifanya hatukuona kitu, na nakiri kwamba tulimwombea akae. Walipobaki wapigaji watatu tu wa awamu ya mwisho, akasimama.

Bibi Lorraine alimshika jezi. "Wewe, kaa. Utatuharibia."

"Niache, bibi," alisema Curtis, na safu nzima ikamlaani kwa macho.

Mlinzi wa lango alimkumbusha kwamba akitoka harudi. Akatoka. Alikimbia kati ya magari akimwita Renata kwa jina na kumpigia simu isiyopokelewa, mpaka akamwona kwenye majiko yetu yaliyokwisha kupoa. Ameketi juu ya kasha la barafu, macho mekundu.

"Nilitikisa kichwa kumaanisha siyo sasa," Curtis alisema akihema. "Sikumaanisha uende. Renata, mimi..."

Uwanja ukalipuka. Kelele zilipanda mpaka madirisha ya magari yakatetemeka, na maneno yake yote yakazama humo. Renata aliugeukia uwanja. Hakuhitaji kuambiwa zile ni kelele za nini.

"Amemaliza," alisema taratibu. "Curtis, amemaliza, na wewe uko huku."

"Niko huku."

"Sikusikia ulichosema."

Simu ikaanza kuita mkononi mwa Renata. Ilikuwa Portland. Curtis akaitazama, akaona hakuna tena mchezo wa kujifichia wala jukwaa la kuandikia.

"Nimesema nakupenda, usiende. Na kama roho yako inaitaka kazi hiyo, basi nenda, nami nitahama na wewe. Ila usiniache."

Renata alipokea simu. Aliwaambia kwa adabu kwamba atakuja, ila wangoje kidogo, maana hatakuja peke yake.

Hapo Curtis akalia. Alilia kwa furaha, na kidogo kwa ajili ya mchezo ule. Renata alijua yote mawili, akamkumbatia hivyo hivyo.