Waliofutwa Benchini

Kikohozi kilitoka kwenye benchi tupu, mchana kweupe, wagonjwa wote wakiwa wameshaingia kwa daktari. Sista wa zamu akamgeukia Mtaalamu.

"Umesikia?"

Akasema hakusikia kitu. Mwongo mkubwa! Alisikia vizuri.

Mtaalamu ndilo jina walilompa hospitalini, nusu sifa nusu utani, kwa kuwa aliijenga hospitali nzima ndani ya kompyuta: mapokezi, daktari, dirisha la dawa, na wagonjwa wakiwa vidoa vinavyotembea, ili ijulikane foleni inakwama wapi kabla ya kumhamisha mtu yeyote. Kazi nzuri, hakuna ubishi. Ila vidoa vya benchi la mwisho vilikataa kwisha, na wakubwa walikuwa njiani kuja kutazama. Basi akaiamuru kompyuta: anayesubiri mno afutwe, ahesabiwe ametibiwa. Foleni ikayeyuka. Wakubwa wakapiga makofi, wakamwondoa muuguzi wa benchi lile, wakisema kumbe hana kazi. Wiki haikwisha, bibi mmoja akafia pale ameegemea ukuta, watu wakidhani amesinzia.

Mtaalamu akaificha amri ile. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Tangu hapo kidoa kimoja hakikufutika. Akikifuta, kinarudi, akizima kompyuta, chumba kinanuka blanketi bichi na jasho la homa. Usingizi ukamhama, chakula kikawa hakipiti.

"Yule anayekohoa si bibi," Sista alimnong'oneza. "Bibi wa watu kapumzika. Lile ni jini, limekalia nafasi yake. Kama kuna mtu anajua kitu, aseme."

"Mimi nijue nini, dada yangu?"

Asubuhi iliyofuata akamkuta mkewe kwenye benchi lile, amempakata binti yao, mtoto anaungua homa, macho yamegeuka.

"Nimewaita mpaka nimechoka," mkewe alisema kwa sauti iliyokauka. "Wanapita tu. Hakuna anayetuona, mume wangu."

Akamwita Sista, Sista akalitazama benchi na kusema pale hapana mtu, Mtaalamu akamnyakua mtoto na kukimbia naye, mkewe nyuma yake, hadi chumba cha daktari, akamlaza juu ya meza mbele ya macho yake, na daktari akainua shingo akaita anayefuata, na harufu ya blanketi bichi ikajaa chumba, na pumzi za mtoto zikaanza kukatika moja moja.

Mtaalamu akapaza sauti. "Foleni haikupungua," akasema. "Niliwafuta. Yule bibi nimemuua mimi."

Daktari akashtuka. "Mama, mtoto yuko hivi na umesimama tu?" Akaanza kumtibu, Sista akaja mbio na dripu, na punde mtoto akalia kwa nguvu. Mtaalamu hakuwahi kusikia sauti tamu kama ile. Akamshika mkewe bega.

Mkewe hakugeuka.

"Baba yake yuko wapi?" daktari akauliza.

"Alikuwa hapa sasa hivi," mkewe akajibu, akitazama huku na huku, macho yakimpita mumewe.

Nje kwenye korido benchi likalia, mtu akisogea kumpisha mwenziwe akae.